Ripoti Tatu, Wagonjwa Walewale

Tangu gonjwa liingie na shule zifungwe, meza ya chakula iligeuka ofisi ya mama. Kazi yake ilikuwa kusoma ripoti za utafiti na kuwashauri madaktari dawa ipi inafaa. Bintiye wa darasa la sita alikaa mkabala naye akifanya hesabu, au tuseme akijifanya anafanya. Walimwita Chiriku, na hawakumwonea. Mdomo wake haukujua likizo.

Siku hiyo alikuwa akimwaza babu, aliyelala na homa nyumbani kwa mjomba. Mama alipokwenda kuchemsha chai, Chiriku alichungulia kompyuta. Ripoti tatu zilisifu vidonge vya aina moja. Moja tu ilivipinga. Tatu kwa moja! Akanyakua simu.

"Mjomba, vile vidonge vinavyotajwa redioni vinaponya kweli! Mama anasoma habari zake hapa."

"Kama dada amesema, basi nakwenda duka la dawa sasa hivi."

Chiriku hakumsahihisha.

Mama alirudi akasoma hadi chai ikapoa. Kisha akaguna. "Hee! Hawa ni wagonjwa walewale. Hospitali moja, miezi ileile. Wamebadilisha vichwa vya habari tu."

"Lakini si ripoti tatu, mama?"

"Majirani watatu wakikusimulia ajali moja, zimekuwa ajali tatu? Tena hawakuwalinganisha na wagonjwa wasiomeza vidonge. Hii ya nne imelinganisha. Vidonge havisaidii, na vinaweza kudhuru moyo."

Babu alikuwa na ugonjwa wa moyo. Chiriku aliogopa mno, machozi yakamtoka. "Mama, nimeshamwambia mjomba ampe babu. Alidhani umesema wewe, nami nikanyamaza."

Mama alimkabidhi simu. "Mpigie mwenyewe. Mwambie ukweli wote."

Simu iliita, ikaita. Hatimaye mjomba akapokea. "Ndiyo kwanza nammiminia maji ya kumezea."

"Usimpe, mjomba! Mama hakusema. Ni mimi, na nilikosea!"

Kisha ikasikika sauti ya babu, ikikwaruza. "Afadhali. Vyenyewe vikubwa kama vifungo vya koti."

Chiriku alicheka huku akilia. Mama akamvuta karibu.

"Walioandika zile ripoti huenda walitaka kusaidia, kama wewe," alisema. "Watu wanaugua, kila mmoja anataka awe wa kwanza kuleta habari njema. Lakini mwanangu, mgonjwa hamezi nia yetu njema. Anameza dawa. Kwa hiyo tuhakikishe kwanza, ndipo tuseme."