Uyoga wa Bibi Esteri

Kila Jumamosi ya kiangazi, Winifrida alipomaliza kuosha vyombo, alichukua reki na tenga akapanda kilima kilicho nyuma ya nyumba yao, huko Rungwe Mpya. Juu kulikuwa na msitu mdogo wa miyombo. Aliyakwangua majani makavu yaliyoanguka, akayashindilia ndani ya tenga, akateremka nayo kichwani hadi kwenye migomba ya baba yake. Baba yake, Reverien, aliyapokea na kuyatandaza kwa mikono, taratibu, kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda.

Mambo ya matandazo Reverien aliyarithi kwa marehemu baba yake, aliyekuja kutoka Burundi na jembe moja na desturi nyingi. Mgomba usiotandaziwa, mzee yule alizoea kusema, ni aibu ya mwenye shamba. Zamani walitumia nyasi. Siku hizi mashamba yamebanana na nyasi zimekwisha, lakini majani ya msituni yalikuwa tele na hayakuwa na mwenyewe. Ndivyo walivyodhani, na migomba yao ilizaa mikungu ya kuwatamanisha wapita njia.

Mwenyewe alikuwapo. Bibi Esteri, mjane aliyeishi peke yake chini ya kilima, alikula na kuvaa kwa uyoga wa msitu ule. Mvua zilipoanza aliingia msituni alfajiri, akachuma, akaenda kuuza kando ya barabara ya Kasulu. Siku moja mwezi wa nane alikutana na Winifrida njiani, akamwuliza ni nani anayeukwangua msitu mpaka ardhi inabaki uchi. Tenga la Winifrida lilikuwa limefichwa kichakani, karibu kabisa na hapo waliposimama. Aliogopa kumtia baba yake lawamani.

"Ni mbuzi wa Ildefonsi, Bibi," alisema.

Mbuzi hawana mdomo wa kujitetea, na Ildefonsi, jirani yao maskini, hakuwa na wa kumtetea. Mvua zikanyesha. Maji yaliteremka kilimani mekundu, hayakutulia popote, na uyoga haukuota. Bibi Esteri alizunguka msituni wiki baada ya wiki, akirudi mikono mitupu. Alimshitaki Ildefonsi kwa mwenyekiti wa kijiji, tena akamlaani mbele ya watu. Ildefonsi aliapa mpaka akalia, lakini nani wa kumwamini? Aliamriwa awaondoe mbuzi wake, akawauza wote kwa bei ya kutupa. Winifrida alikuwapo kwenye kikao kile.

Mwezi wa tatu Bibi Esteri alifunga godoro lake kwenye bodaboda, akahamia Kibondo kwa mwanawe. Mke wa mwanawe hakumpenda, na hilo kijiji kizima kililijua.

Wiki hiyohiyo Mwalimu Lusajo, aliyetoka Mbeya kuja kufundisha sayansi, aliwapeleka wanafunzi wa darasa la sita, Winifrida akiwamo, msituni. Matawi ya juu ya miyombo kadhaa yalikuwa yamekauka. Mwalimu alichimba kidogo kando ya mwamba, mahali palipobaki majani, akawaonyesha mizizi myembamba iliyotambaa juujuu, imevikwa nyuzi nyeupe. Nyuzi hizo, alieleza, ndizo mwili wa uyoga. Kile tunachokichuma ni tunda lake tu. Nyuzi huingia katika majani yanayooza, huvuta maji na chakula na kuupelekea mti, na mti huzilipa kwa sukari unayoitengeneza kwa jua. Udongo wa nchi za joto na mvua kama yetu mara nyingi hauna akiba kubwa. Mti hula tena kilekile ulichokiangusha.

Kisha akachimba mahali palipokwanguliwa. Jembe liligonga udongo mgumu, na hapakuwa na uzi hata mmoja.

"Aliyeyaondoa majani hapa ameunyima mti chakula, na mvua ameinyima pa kukaa," alisema Mwalimu. "Na si mbuzi. Mbuzi angekula machipukizi, na machipukizi haya hapa, mazima."

Wenzake walianza kunong'onezana. Winifrida alisogea mbele.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema. "Nilimsingizia Ildefonsi."

Njia ya mwongo ni fupi, wasemavyo watu, lakini uongo wa Winifrida ulikuwa umekwisha kufika Kibondo.

Reverien aliposikia, kwanza alimfokea binti yake kwa kuiaibisha nyumba. Baadaye alikaa kwenye migomba yake muda mrefu, kisha akaenda kwa mwenyekiti kukiri kosa. Kijiji kikapiga marufuku kukwangua majani msituni, naye akapanda matete kwenye kingo za shamba ili apate matandazo yake mwenyewe. Alimpelekea Ildefonsi mbuzi jike. Ildefonsi alimpokea mbuzi, mkono wa Reverien hakuushika.

Baada ya misimu miwili ya mvua, uyoga uliota tena. Winifrida alijaza kikapu, akasafiri na baba yake hadi Kibondo. Walimkuta Bibi Esteri uani akimenya mihogo, amekonda. Winifrida alipiga magoti akamweleza kweli yote. Reverien alimwomba arudi, lakini nyumba yake ilikuwa imeanguka kwa mvua, na nguvu za kujenga upya hakuwa nazo.

"Msitu umekusamehe, mwanangu," alisema Bibi. "Msitu ukilishwa unasahau. Mimi nilimlaani mtu asiye na kosa kwa sababu ya neno lako. Hilo nitalisahau vipi?"

Aliumimina uyoga kwenye ungo, akamrudishia Winifrida kikapu. Kwa watu wao kikapu cha zawadi hakirudi kitupu, hata mhogo mmoja hutiwa. Hiki kilirudi kitupu.

Njiani kwenda stendi Winifrida aliuliza kama Bibi amesahau desturi.

"Hakusahau," alijibu baba yake. "Tulichukua majani ya msitu miaka yote ile, na sisi tuliurudishia nini? Ukichukua, rudisha, mwanangu. Majani tumeweza kuyarudisha. Lakini neno la uongo, hata ukilifuata mpaka Kibondo, hulirudishi."

Winifrida alikipakata kikapu mpaka Kasulu.