Aliyeitikia Mlangoni

Muuguzi yule, binti wa marehemu jirani yangu, alirudi kutoka zamu mchana akiwa hoi. Miguu imevimba, mgongo kama si wake. Akafunga mlango kwa komeo, akamlaza binti yake kitandani, naye akajitupa kando yake na simu mkononi. Nani wa kwenda sokoni? Siku hizi unabonyeza tu: unga, maziwa, viazi, sabuni, vinakufuata mpaka kwako. Akabonyeza. Usingizi ukamzoa.

Sasa kosa lake lilikuwa dogo, kosa la mtu aliyechoka. Zamani alipojiandikisha na duka lile, mpokeaji alimweka mama yake, maana ndiye aliyeshinda nyumbani na mtoto. Mama akafa, jina likabaki. Kila akitaka kulifuta anaona kama anamzika tena, basi anaahirisha. Na duka lina utaratibu wake: mleta mizigo hakabidhi kitu mpaka amwite mpokeaji kwa jina, naye aitikie. Tangu mazishi, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuagiza.

Simu ikamwamsha.

"Dada, mzigo nimemkabidhi mama."

"Mama gani?"

"Si huyo uliyemwandika? Nimemwita, akaitika, akafungua. Mcheshi kweli, eti nimekonda kama njiti ya fagio. Ila mpeleke hospitali, dada. Mikono yake baridi mno."

Maneno ya njiti ya fagio yalikuwa ya mama yake hasa.

Akapapasa kitandani. Mtoto hayupo.

Ukumbi kimya. Komeo liko palepale. Harufu ya maziwa yanayochemka.

Jikoni unga ulikuwa umeshamiminwa koponi, viazi vimeoshwa. Mtoto amekaa sakafuni, kavaa viatu na kofia ya kutokea.

"Nani kakuvika?" akanong'ona.

"Bibi. Kasema wewe umechoka. Nikakae kwake."

Akamkumbatia mwanawe, macho kwenye mlango wa stoo uliokuwa wazi kidogo. Hata nguvu za kulia hakuwa nazo. Akasema polepole, kama anavyosema mtoto kwa mkubwa wake:

"Mama, kweli nimechoka. Lakini niachie mwanangu. Nitamlea hivihivi na uchovu wangu."

Akalifuta jina simuni.

Mlango wa stoo ukajifunga taratibu. Maziwa yakatulia. Ndipo alipoona kuwa jiko halikuwashwa.

Jioni alimvua mtoto kofia ili amwogeshe. Zile nywele hakuna aliyezigusa tangu msiba. Upande mmoja zilikuwa zimesukwa, mistari myembamba, imebana hasa. Upande wa pili timutimu.

"Mama," mtoto akauliza, akijishika upande ule usiosukwa, "huku atakuja kumalizia lini?"