Waya wa Vichwa Viwili

JUMATANO, SAA 4:15 ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha saluni kilinuka dawa ya nywele. Mbele, mashine tatu za kukaushia zilikuwa zinavuma kwa pamoja, na chini ya mvumo huo wanawake saba walikuwa wanamzika mume wa mtu akiwa hai. Hapakuwa na mahali pazuri zaidi pa kupanga wizi. Hata ungepayuka, ungeonekana unachangia mada.

Kiraka alitandaza karatasi juu ya katoni la mafuta ya nywele. Aliitwa Kiraka kwa ajili ya baka jeupe lililomkaa kidevuni. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, na maneno alikuwa anayatoa kwa kijiko.

"Ghala," akasema. "Laptopu mpya mia nne, bado ziko ndani ya maboksi. Jumamosi, saa saba kasoro kumi mchana, walinzi wanabadilishana zamu geti la mbele. Wanasaini, wanakula, wanapiga soga. Dakika ishirini na tano. Sisi tunaingia la nyuma."

"La nyuma halina mlinzi?" Aliyeuliza ni Kontena, mpakia mizigo, mtu mwenye mabega yaliyopita mlangoni kwa zamu.

"Lina mlango wa chuma."

Akaweka kitu juu ya karatasi. Wote wakamgeukia Soketi.

Soketi alikuwa fundi wa kompyuta, na alikuwa mgeni katika kazi za namna hii. Alikiokota kile kitu akakigeuza. Kadi ya mtandao wa hewa, ya zamani. Bapa, ya bati, nene kuliko kadi ya benki, na upande mmoja ina nundu nyeusi ya plastiki: antena. Zamani kila laptopu ilikuwa na mdomo ubavuni wa kumeza kadi kama hii. Kisha viwanda vikaanza kuweka mtandao ndani kwa ndani, midomo ikazibwa, kadi zikawa takataka.

"Geti la nyuma lina mtandao wake," Kiraka akaendelea. "Unasikika hatua thelathini tu, na hausikilizi kitu ila kadi zilizo kwenye orodha yake. Walipojenga geti la mbele wakasahau kuuzima. Kadi ikiongea, chuma kinapanda. Kadi ikinyamaza sekunde kumi, chuma kinashuka."

"Aliyelijenga alikuwa mwoga," akasema Breki, dereva.

"Kadi umeitoa wapi?" Soketi akauliza.

"Kwa mnunua vyuma chakavu. Ghala walitupa gunia zima. Haina mwenyewe."

Pazia likafunguka, akaingia Dada, mwenye saluni, na sinia la chai. Alimlea Soketi tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka kumi na tisa na mtoto ana sita. Mtaa mzima ulimwita Redio. Alijua nani kahama, nani kahamwa, na godoro lilibebwa na nani. Na ghala lile alilijua kuliko wote: alikuwa karani wake miaka kumi na moja, mpaka laptopu ya meneja ilipopotea, wakamwita mwizi mbele ya wenzake, wakamtoa getini bila hata barua. Hiyo ndiyo nusu ya sababu iliyomfanya Soketi akubali kazi. Nusu nyingine ilikuwa kodi ya saluni.

Dada aliambiwa kwamba hiki ni kikao cha chama cha kuweka akiba. Akaweka vikombe. Jicho lake likaiangukia kadi, likakaa, likainuka.

"Haya, wanachama," akasema. "Msimwage chai kwenye katoni langu."

Akatoka. Redio ikapita bila kutangaza. Soketi akashusha pumzi: afadhali hakuitambua.

ALHAMISI, SAA 9:30 ALASIRI

"Si tutafute laptopu ya zamani tu?" Kontena aliuliza. "Kizee kwa kizee."

"Ninazo mbili," Soketi akamjibu. "Betri zake zinakaa dakika nne. Utanivutia umeme toka kwenye nguzo?"

"Nitakubeba wewe na nguzo yako."

Breki akaingia jasho likimtiririka, akarusha kiboksi mezani. Yeye na Soketi walisoma darasa moja, wakachapwa kwa fimbo moja, na bado walikuwa wanakopeshana mashati. "Adapta. Muuzaji kaapa mbele ya watu, inakubali kadi zote."

Soketi akajaribu. Kadi ikagoma mlangoni kama bibi harusi aliyebadili mawazo.

"Inakubali zote zilizo nyembamba, Breki. Hii ni ya wakati wa watu wanene."

"Kumbe zina saizi?"

"Viatu vyako havina?"

Kontena akacheka mpaka mama mmoja mbele akauliza kuna nini huko chamani.

Breki akarudi mjini. Jioni akaja na nyingine, kisanduku kizito chenye mdomo mpana, na waya wake una vichwa viwili vya USB. Kadi ikaingia, klik. Soketi akawaonyesha. "Kichwa hiki cha kuongea. Hiki cha kula. Tundu moja la laptopu mpya halina nguvu ya kuilisha. Kichwa cha kula kikichomoka, kadi inazimia hapo hapo."

Ikabaki shida ya lugha. Laptopu mpya haikumjua mgeni huyu, na waliotengeneza kadi walishaacha kuiandikia programu. Usiku kucha Soketi akajenga kompyuta ya zamani ndani ya ile mpya, kompyuta ya kujifanya, ili kadi ikiamka ijione iko kwao. Kuwaka kwake kulichukua dakika moja na nusu, haikubali kuharakishwa. Kitu kizee hakiamshwi kwa kofi.

Kulipokucha, taa ndogo ya kijani kwenye nundu ya kadi ikaanza kupepesa.

JUMAMOSI, SAA 6:38 MCHANA

Jua la utosi. Gari dogo la Soketi liliegeshwa kando ya uzio wa nyuma, chini ya kivuli cha bango la rangi za nyumba. Laptopu mapajani. Kadi imepachikwa, vichwa vyote viwili ndani. Hatua ishirini mbele, lori limesimama likinguruma, Breki kwenye usukani, Kiraka na Kontena ubavuni mwake.

Simu ikalia.

"Tayari?" Kiraka.

"Tayari."

"Usiguse mpaka niseme."

SAA 6:51

"Sema nayo."

Soketi akabonyeza. Sekunde tano. Kumi. Kadi ilikuwa imeshapata moto, ananusa plastiki. Kisha chuma kikalia, kikapanda mdogo mdogo, na lori likaingia.

Kwenye kioo cha laptopu maandishi yakajipanga. Mtandao wa zamani ulikuwa na adabu za zamani, ulimsalimu aliyeingia.

KARIBU. GETI LA NYUMA LIMEFUNGULIWA NA:

Na chini yake, majina matatu. La kwanza alilopewa na mama yao, la baba yao, la babu yao.

Dada.

Soketi akasoma tena. Majina hayakubadilika. Kadi haikuwa ya gunia wala ya chuma chakavu. Ilikuwa ile aliyokuwa akitembea nayo Dada, na kila chuma kinapopanda, daftari la ghala linaandika kwamba kapandisha yeye. Aliyeitwa mwizi zamani kaja kuthibitisha.

Akainyakua simu.

SAA 6:53

"Kiraka. Kadi ya nani hii?"

"Kazi kwanza."

"Ina jina!"

"Najua ina jina. Si lako. Tulia."

"Ni la dada yangu, mwanaharamu wewe! Unamtwika mzigo wako?"

Ndani ya simu, maboksi yanatua, puu, puu. Kontena anahesabu kwa sauti.

"Mdogo wangu," Kiraka akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mkubwa. "Nimeapishwa nisikwambie. Tutaongea baadaye."

"Umeapishwa na nani? Tokeni! Tokeni sasa hivi. Nahesabu kumi."

"Hutathubutu. Breki yumo humu."

Breki yumo. Soketi alijua. Lakini pia alijua, au alidhani anajua, kwamba kisichoibiwa hakichunguzwi. Lori likitoka tupu, au lisitoke kabisa, nani atafukua daftari la mtandao uliosahauliwa? Watawakamata wezi watatu ndani, kesi imekwisha. Dada atabaki na nywele zake za watu.

"Moja," akasema. "Mbili."

"Soketi!" Sauti ya Breki, kutoka mbali. "Una nini wewe? Ndiyo kwanza tunamaliza safu ya kwanza!"

"Tokeni, Breki!"

"Tatu" hakuitamka. Moyo ulishapita kumi. Akashika kichwa cha kula, akachomoa.

Taa ya kijani ikafa.

SAA 6:55

Chuma kilianza kushuka. Lori likanguruma, likageuka, halikuwahi. Kontena akaruka chini, akakimbilia geti. Kwa yule mtu kila kitu duniani kilikuwa mzigo, na mzigo unabebwa. Akatia bega chini ya chuma.

Chuma hakikujua kama ni bega.

Ukelele ule Soketi aliusikia mara mbili: simuni, na hewani. Akakirudisha kichwa kwenye tundu kwa nguvu, karibu akivunje. "Amka! Amka!" Taa haikuwaka. Kompyuta ya kujifanya ilikuwa imeganda. Ilibidi izimwe, iwashwe upya, ikae kitako, ijikumbuke ni nani. Dakika moja na nusu. Akaiwasha. Mstari mweupe ukaanza kutambaa kwenye kioo.

Ndani ya ua king'ora kikapasuka. Filimbi. Mbio za buti.

"Ndugu yangu," Breki akasema kwenye simu, polepole, kama mtu anayerudisha shati la watu. "Nilikununulia mpaka adapta."

Mstari mweupe ulikuwa umefika nusu. Soketi akaichomoa kadi, ikamuunguza vidole, akaitia mfukoni, akaacha gari na laptopu palepale, akatembea. Hakukimbia. Anayekimbia anaulizwa.

SAA 8:20 MCHANA

Saluni ilikuwa imefungwa. Jumamosi! Siku ambayo wateja hukaa mpaka kwenye ngazi. Soketi akazunguka nyuma, akasukuma pazia.

Dada alikuwa ameketi chini ya mashine iliyozimwa, amevaa viatu vya safari, begi mapajani. Alipomwona alisimama, macho yakampita, yakatafuta nyuma yake.

"Kiraka yuko wapi?"

"Dada, nimekuokoa." Maneno yalimtoka yakigongana. "Wametaka kukuponza. Kadi ilikuwa yako, jina lako lilitokea lote. Nimewafungia ndani. Kadi hii hapa, tuichome, hakuna atakayejua..."

"Umefanya nini?"

"Nimechomoa."

Dada akarudi kwenye kiti.

"Najua jina linatokea," akasema. "Miaka kumi na moja lilikuwa linatokea kila asubuhi. Unadhani nani alimpa Kiraka kadi? Nani kamchorea ghala? Yule mtu ana akili ya kujua zamu za walinzi?"

"Wewe?"

"Basi la saa tisa. Tiketi mbili." Akazitoa kwenye begi, akaziweka juu ya kiti cha wateja. "Kesho asubuhi mimi na wewe tungekuwa ng'ambo ya mpaka, na mzigo unatufuata. Waliniita mwizi sijaiba hata kalamu. Nikasema haya, safari hii waliandike jina langu kwa haki. Nilitaka walione, mdogo wangu. Meneja alisome, ajue ni mimi, na asinipate."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ili wakikukamata uwe na cha kuapia. Uape hujui, na iwe kweli. Nilimwapisha Kiraka kwa mama yake." Akamtazama. "Na wewe kwa nini hukuniambia kwamba kikao si cha chama?"

Jibu la Soketi lilikuwa lile lile.

"Kontena?" akauliza Dada.

"Geti limemshukia."

Akafumba macho. "Na Breki?"

"Ndani."

"Mama yake anasuka hapa," Dada akasema. "Jumatatu ana zamu."

Mlango wa mbele ukagongwa. Si kugonga kwa mteja, mteja huita.

"Toka nyuma," Dada akanong'ona.

"Siendi."

Akamwangalia, akatikisa kichwa, akaenda kufungua mwenyewe. Askari wawili na mlinzi mmoja wa ghala, kijana aliyeshika karatasi iliyochapwa sasa hivi. Soketi akapita mbele, akatoa kadi, akainyoosha.

"Ni mimi. Hii hapa. Ni mimi niliyefungua."

Askari hakuitazama hata kadi. Kwake kilikuwa kipande cha bati. "Wewe subiri zamu yako," akasema. "Sisi tuna jina." Akasoma kwenye karatasi, majina yote matatu, kwa sauti ya kutosha majirani watatu kujitokeza vibarazani.

"Mmeibiwa nini?" Dada akamwuliza yule mlinzi.

Kijana akashusha macho. Huenda alikuwa anamkumbuka. "Hakuna, mama. Laptopu zote mia nne ziko ndani."

Dada akacheka, kicheko kifupi kikavu. Akanyoosha mikono mbele kufungwa, viganja juu, vidole vimeachana, kila mtu mtaani aone kwamba hakuna kitu.

"Mara ya pili," akamwambia mdogo wake. "Mara ya pili wananichukua hivi hivi, na mikono mitupu."