Aliyecheka Mlangoni

Kila alasiri nikitoka shule nilipitia chumba cha mama cha kushonea. Nilifagia vipande vya vitambaa, nikaokota pini kwa sumaku. Msaidizi wa mama tulimwita Dada Pini, maana akimpima mtu nguo, midomo yake hujaa pini.

Siku moja mama alikwenda kununua uzi. Dada Pini akaacha pasi ya moto juu ya gauni la mteja, akasimama mlangoni akicheka na wapita njia. Gauni likaungua. Mama aliporudi akamwambia, "Nenda kwenu, usirudi."

Hivyo ndivyo nilivyosimulia, lakini sivyo ilivyokuwa. Dada Pini aliizima pasi, akaingia chumba cha ndani kumpima mteja mwingine. Mimi ndiye niliyeiwasha, nijaribu kunyoosha. Nikasikia wenzangu wakiruka kamba nje, nikaiacha juu ya gauni, nikatoka mbio.

Tangu siku hiyo harufu ya kitambaa kilichoungua ilinifuata hadi darasani. Majirani waliuliza, nikasimulia tena na tena. Kila mara niliongeza kidogo. Mwishowe nikaanza kumwona kweli Dada Pini pale mlangoni, amenipa mgongo, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nilipotafuta kumbukumbu ya mkono wangu kwenye pasi, sikuipata. Hapo nikaogopa.

Jumamosi moja nilikuwa nikimsimulia jirani. Mama akasimamisha cherehani.

"Alicheka, mwanangu?"

"Ndiyo mama, kwa sauti."

"Jana yule mteja mwingine wa siku ile alikuja kuchukua sketi yake. Anasema muda wote Dada Pini alikuwa akimpima, pini midomoni. Sasa alichekea wapi, puani?"

Jirani aliangua kicheko. Mama hakucheka. Nami machozi yakanitoka.

"Ni mimi, mama. Pasi niliiacha mimi."

"Vaa viatu."

Tulimkuta Dada Pini uani kwao, anafua. Nilimweleza yote. Akaacha kufua, povu likimkauka mikononi.

"Mdogo wangu," akasema, "ulisema kwa uhakika mpaka nami nikaamini. Sijalala vizuri, najiuliza ilikuwaje nikasahau kuizima pasi."

"Nisamehe, dada."

"Nami unisamehe," mama akamwambia. "Nilikufukuza bila kukusikiliza. Jumatatu njoo kazini."

Dada Pini akaitikia kwa kichwa. Mama akanigeukia.

"Aliyeona kweli haongezi chumvi. Uongo ukiurudia, unawaibia watu hata kumbukumbu zao, na wa kwanza kuibiwa ni wewe. Haya, chukua beseni, msaidie dada yako kusuuza."