Njia ya Bibi Kwenda Jikoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilifagia sebule, na kila asubuhi ufagio ulinasa palepale, kwenye ufa wa mlangoni kwa bibi. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji, ya siku nyingi na imechoka. Nyufa zake nilizijua vizuri, lakini bibi alizijua zaidi. Macho yake yalikuwa yamefifia kwa miaka mingi hata akawa anaona vivuli tu, ila ndani ya nyumba hakutaka kushikwa mkono. Alivua viatu akaenda kwa nyayo. Ufa wa kwanza, mlango wake. Hatua tano, ufa wa pili, hapo anakata kushoto na kuingia jikoni. Akifika huko anapapasa kikombe chake cha bati kwenye msumari, anajimiminia chai mwenyewe, na ole wake atakayejitia kumsaidia.

Kusoma maandishi ya dawa na kutunga uzi kwenye sindano ndizo kazi zilizomshinda. Hizo zilikuwa zangu, ndiyo maana aliniita Macho. "Macho, njoo. Macho, nisomee hapa." Hata mama akazoea kuniita hivyo, na jina langu halisi likabaki shuleni, kwenye daftari la mahudhurio.

Lakini wakati ninaousimulia hapa bibi hakuwapo tena nyumbani. Miezi minne kabla ya hapo saruji ilibomoka karibu na meza, likatokea shimo la ukubwa wa sahani. Sote tuliliona, sote tukasema tutaliziba kesho. Bibi akakanyaga humo, akaanguka, akavunjika mkono. Shangazi, binti yake mkubwa, ambaye akisema amesema, akaja kumchukua.

"Mama harudi humu mpaka hii sakafu itengenezwe," alimwambia mama. "Na nitakuja kuikagua mwenyewe."

Nilimkumbuka bibi hadi nikawa nafanya mambo ya ajabu. Tulikuwa tukilala chumba kimoja, basi nililikunjua shuka lake na kulikunja upya ingawa hakuna aliyelilalia. Mto wake bado ulikuwa na harufu ya dawa yake ya kuchua mgongo. Niliunusa kidogo tu kila siku, maana niliogopa harufu itaisha kabla hajarudi.

Hatimaye baba, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu, akapiga simu na kusema fedha zimepatikana, sasa tunaweza kutengeneza sakafu yote. Mama akamwita fundi. Alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye magoti yaliyokomaa kwa kupiga magoti, na kila mtu alimwita Pimamaji kwa sababu kifaa hicho cha kupimia usawa hakikumtoka mkononi. Watu walimtania kwamba hata kitanda chake hakilalii kabla hajakipima kama kimekaa sawa.

Alisimama katikati ya sebule akauliza, "Nani anaishi humu?"

Mama alicheka. "Fundi, si umekuja kwa ajili ya sakafu?"

"Sakafu inakanyagwa na watu, dada. Niambie habari za watu kwanza."

Mama akamweleza habari za bibi, macho yake na kuanguka kwake. Pimamaji alisikiliza, kisha akatoa vipande vitatu kwenye mfuko wake: zulia la plastiki, kigae cheupe kilichong'aa, na kigae cha kijivu kisichong'aa, chenye mikwaruzo midogo kama ganda la mkate.

"Tuweke zulia tu," alisema mama. "Linatandikwa siku moja, yamekwisha."

"Zulia ni zuri mahali palipo sawa. Juu ya mashimo haya litapasuka, na kingo zikijikunja, bibi atajikwaa tena. Lakini mimi siamui kwa maneno. Vipande hivi vitakaa hapa siku saba. Kila siku mtavimwagia maji ya sabuni, mtavikanyaga kwa miguu mitupu, mtaandika kila mlichokiona. Siweki sakafu ambayo haijakaa kwanza na wenyewe. Nani ataandika?"

"Mimi!" nilijibu kabla mama hajafungua mdomo.

"Huyu ndiye macho ya bibi yake," alisema mama.

"Vizuri. Safari hii utakuwa miguu yake pia," alisema Pimamaji, akanikabidhi daftari jembamba.

Sasa niseme ukweli. Moyo wangu ulikuwa umeshachagua kigae cheupe. Mwezi uliotangulia, rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja alikuja kwetu tufanye hesabu. Alitazama chini akapiga kelele, "Jamani! Kwenu mna ramani sakafuni! Huu ni mto gani?" Nilicheka naye, lakini iliniuma. Kwao kulikuwa na vigae vyeupe ambavyo ukiinama unaona uso wako. Nikajiambia kwamba bibi atarudi kwenye nyumba kama ile, na mimi nitakuwa wa kwanza kumwita rafiki yangu aje kuona.

Siku mbili za mwanzo nilikimwagia kigae cheupe maji machache sana, nikasimama juu yake bila kujitikisa. Siku ya tatu nilisahau, nikamwaga kikombe kizima cha maji ya sabuni na kukanyaga kama ninavyotembea kila siku. Mguu ukaniponyoka. Nilikaa chini kwa kishindo hadi machozi yakanitoka.

"Kuna nini huko?" mama aliita kutoka uani alikokuwa akifua.

"Hakuna kitu, mama! Ndoo tu!"

Kigae cha kijivu kilikuwa kimelowa vilevile, na nilipokikanyaga mguu ulishika. Nilikitazama kwa hasira kana kwamba kimenisengenya. Halafu nikachukua daftari nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: *Kigae cheupe hakitelezi.* Siku zilizobaki sikukimwagia hata tone la maji.

Pimamaji alipokuja kusoma daftari, alirudia mstari ule mara mbili. "Hakitelezi? Hata kwa sabuni?"

"Hata kwa sabuni."

"Vingi vya namna hii huteleza. Lakini vipo vilivyotengenezwa vizuri, na hiki ni kipya dukani, sijapata kukiweka." Alinitazama kidogo. "Haya. Wewe ndiye umekaa nacho."

Mama naye akapenda kinachong'aa, na maboksi ya vigae vyeupe yakafika Ijumaa. Niliyapapasa nikaona raha, ila raha yenyewe ilikuwa na kitu kinachokwaruza ndani yake. Jioni ile shangazi akapiga simu, akampa bibi.

"Macho wangu," alisema bibi, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoikumbuka. "Nasikia kesho fundi anaanza."

"Ndiyo, bibi. Ni vigae vyeupe! Vinang'aa kama kioo."

"Mimi na kioo wapi na wapi, mjukuu wangu?" Alicheka. "Huku wananitunza vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini nakaa kitini kutwa nzima. Nikitaka chai naletewa, nikitaka kutoka nashikwa mkono. Nimekitamani kikombe changu. Nimetamani kuamka asubuhi niende jikoni kwangu peke yangu. Umevijaribu kwa maji hivyo vigae?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi nakuja. Wewe ukisema hakuna shida, mimi nitakanyaga bila hofu."

Chakula cha jioni nilikiacha mezani. Nilikwenda kukaa kwenye kitanda cha bibi, nikashika mto wake, na kwa mara ya kwanza sikuthubutu kuunusa. Nilikuwa nimetamani arudi kwa miezi minne, na sasa nilikuwa namtengenezea mahali pa kuangukia. Nikawaza jambo lingine lililonitisha zaidi. Hata kama asingeteleza, nyufa zake zitakuwa wapi? Sakafu yote itakuwa laini, kutoka ukuta hadi ukuta. Angejuaje kwamba amefika mahali pa kukata kushoto?

Jumamosi alasiri Pimamaji alikuwa ameshavunja saruji mbovu na kusawazisha chini. Alikoroga gundi ya vigae, akapiga magoti mlangoni kwa bibi, akainua kigae cha kwanza.

"Fundi, usikiweke!" nilipiga kelele.

Mkono wake ukabaki hewani. Mama alitoka jikoni mbio.

"Kinateleza," nilisema huku nalia. "Niliteleza siku ya tatu nikaanguka. Nikaandika uongo. Nilitaka nyumba yetu ing'ae kama ya kina rafiki yangu."

Mama alishika kichwa. "Mtoto wewe! Bibi yako angevunjika kiuno!"

Pimamaji alikiweka kigae chini, akakimwagia maji, akachovya kidole kwenye sabuni na kukipaka. Kisha akamshika mama mkono. "Kanyaga, dada. Taratibu." Mguu wa mama ulikwenda wenyewe, naye akamng'ang'ania fundi.

"Kosa lina watu wawili," alisema Pimamaji. "Wewe uliandika uongo. Mimi nilitilia shaka, na bado sikuinama kupima mwenyewe. Miaka yote hii ya kazi, na nimeamini karatasi!" Alitikisa kichwa. "Maboksi hayajafunguliwa, ukitoa hili moja. Duka litatubadilishia. Ila vya kijivu vimekwisha. Vipya vinakuja baada ya wiki tatu."

"Wiki tatu!" nilisema. "Na bibi?"

"Bibi atasubiri," alijibu mama. "Na wewe ndiye utakayempigia simu kumwambia hivyo."

Nilipiga. Nilimwambia bibi kwamba vigae vimecheleweshwa, na nikashindwa kusema ni nani aliyevichelewesha. Alisema, "Sawa, mjukuu wangu," kwa sauti ndogo sana. Wiki tatu zile zilikuwa ndefu kuliko miezi minne iliyotangulia. Tuliishi juu ya kifusi na vumbi, nami nilifagia bila kuambiwa.

Vigae vya kijivu vilipofika, nilimfuata Pimamaji kwa aibu. Nikamweleza habari za nyufa, hatua tano na kukata kushoto. Alikaa juu ya ndoo akaniangalia.

"Mbona hili hukulisema tangu mwanzo? Hili ndilo nililouliza siku ile nilipouliza nani anaishi humu." Alichukua chaki. "Nionyeshe. Tembea kama bibi yako."

Nilivua viatu, nikafumba macho, nikatembea. Mahali pa ufa wa kwanza alichora mstari. Hatua tano ndogo za bibi, akachora mwingine. Kwenye mistari ile aliweka vigae vyembamba vyenye matuta, ambavyo kwa kawaida huwekwa kwenye ngazi. Kwingine kote akaweka vya kijivu, na pimamaji yake ikapita juu ya kila kimoja.

Bibi alikuja Jumapili mchana. Shangazi aliingia wa kwanza, akamimina maji sakafuni na kuyatembelea huku na huko, mikono ameinyoosha kama anayevuka mto juu ya gogo. Hakuteleza. "Mh," alisema, na kwa shangazi hiyo ni sifa kubwa.

Bibi alikaa kwenye kiti cha mlangoni akavua viatu. Nilipiga magoti mbele yake.

"Bibi, kabla hujakanyaga. Siku ile kwenye simu nilikudanganya. Vigae vile vyeupe viliteleza, na mimi nilijua. Wiki tatu ulizosubiri ni kwa sababu yangu."

Mkono wake ukatafuta kichwa changu ukakipata.

"Mama yako aliniambia," alisema. "Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe. Sikiliza, mjukuu wangu. Mimi siwezi kuona kama mtu ananidanganya. Nilicho nacho ni neno lako tu, nalo ndilo ninalokanyagia. Ulitaka nyumba ya kupendeza, hilo si kosa. Kosa ni kusahau nani ataishi ndani yake, kisha ukaficha ulichokijua. Ukichagua kitu cha nyumbani, anza na yule anayekihitaji zaidi. Na ukiona kibaya, sema kibaya, hata kama unakipenda. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

"Basi niondokee njiani."

Alisimama. Mama alinyoosha mkono kumshika, bibi akausukuma. Aliingia chumbani, akagusa kitanda chake, kisha akageuka. Mlangoni, alipopita haraka wakati wa kuingia, sasa nyayo zake zilipata matuta. Alisimama, akayapapasa kwa vidole vya mguu, mbele na nyuma. Kisha akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, nne, tano, akapata matuta ya pili, akakata kushoto, akatupotea.

Tulitega masikio. Tukasikia mkono wake ukipapasa ukutani, mara moja, mara mbili.

"Macho!" sauti yake ilitoka jikoni, kali na nene kama zamani. "Nani amekiondoa kikombe changu kwenye msumari?"

Nilikuwa nimekiosha asubuhi ile, nikakisahau kwenye kabati. Nilikimbia kumpelekea, na sakafu haikunitelezesha.