Kitufe cha "Ruhusu"

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake, Chapuchapu alipewa saa moja ya kompyuta. Jina hilo alibandikwa na dada yake, kwa kuwa msichana huyu wa miaka kumi na miwili alijibu kabla hujamaliza kuuliza. Kompyuta ilikuwa moja tu, pembeni mwa meza ya kushonea ya mama, na nyumba nzima iliitumia. Dada hakuwahi kuifunga akaunti yake ya barua pepe. Alikuwa akisubiri jibu la chuo cha uuguzi, na alitaka kulichungulia kila apitapo.

Asubuhi hiyo jibu lilikuja. Amepata nafasi! Ila alitakiwa athibitishe kabla ya saa kumi jioni na kuambatisha cheti chake, la sivyo nafasi angepewa mwingine. Dada akatoka mbio kukifuata cheti shuleni kwake.

Saa saba mchana Chapuchapu alitaka kutazama video ya dansi iliyosifiwa na wenzake darasani. Tovuti ikamtaka kwanza aongeze kiendelezi, yaani kijiprogramu kinachokaa ndani ya kivinjari. Kivinjari nacho kikamwuliza kama anakiruhusu kisome na kubadilisha kila kitu kwenye kila tovuti. Maneno yalikuwa mengi. Akabonyeza "Ruhusu".

Video haikucheza. Matangazo yakafumuka, alifunga moja, yakaja matatu. Mara barua pepe ya dada ikaanza kujiendesha, ikituma barua kwa walimu na majirani, ikiwahimiza wabonyeze kiungo fulani. Kisha akaunti ikajifunga na kudai nenosiri.

"Mbona kimya hivyo, mwanangu?" mama aliuliza kutoka kwenye cherehani, pini zikiwa mdomoni.

"Hamna kitu, mama. Imejizima tu."

Akazima skrini na kuifunika kwa kitambaa. Chumba kikawa kidogo ghafla. Akitoka, mtu ataifunua; akibaki, ataulizwa. Akakaa kwenye kile kiti kama aliyeshonewa hapo. Saa nane simu ya mama ikalia: jirani alitaka kujua ile barua ya ajabu ni ya nini. Mama akamtazama bintiye. Chapuchapu akajifanya anasoma daftari, naye hakuona hata herufi moja.

Saa tisa dada akaingia akihema, bahasha mkononi. "Nipishe, mdogo wangu, muda unaniishia."

Chapuchapu hakuondoka.

"Nipishe, bwana!"

Machozi yakamtangulia. "Dada, nimeharibu. Nimeweka kitu humu, na barua pepe yako imefungwa. Tangu saa saba."

Dada akashika ukingo wa meza. Mama akatema pini na kumpigia shangazi, fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili.

Shangazi alipofika alichomoa kwanza waya wa intaneti, kisha akakiondoa kile kiendelezi. Kwa simu ya dada akaomba msimbo wa kuthibitisha, akaweka nenosiri jipya na kumtoa kila aliyekuwa ameingia kwenye akaunti. Dada akakipiga picha cheti chake kwa simu hiyo hiyo na, saa kumi kasoro dakika sita, akabonyeza "Tuma".

"Sikujua, shangazi," Chapuchapu alisema.

"Kivinjari kilikuuliza, hukusoma. Kijiprogramu cha kuonyesha video kinataka barua za watu za nini? Kikiomba kisichokihusu, kikatae. Usipoelewa, uliza." Akamgeukia dada. "Na wewe, nesi mtarajiwa, ukimaliza kusoma, funga akaunti yako."

Dada akainamisha kichwa.

"Lakini kubonyeza kulikuwa kosa la dakika moja," shangazi alimwambia Chapuchapu. "Kuficha ndiko kulikotuponza. Ungesema mara ile ile, tungemfungia mlango huyo mwizi aliyeingia kwa kile kijiprogramu. Kwa saa mbili nzima ulikuwa ukimlinda yeye, si dada yako."

Maneno hayo yalimchoma. Dada akafuta macho, akamwekea mdogo wake mbele simu na orodha ya watu arobaini na watatu waliotumiwa ile barua.

"Waambie wasibonyeze chochote," alisema.

Chapuchapu akapiga namba ya kwanza. "Shikamoo, mwalimu. Ile barua haikutoka kwa dada. Kosa ni langu."