Sponji za Koti Chini ya Sakafu

Mume wangu ni fundi cherehani. Koti akilishona yeye, hata mtu mwenye bega moja chini anaonekana amenyooka. Siri yake ni sponji za mabega. Kazi yake anaijua sana, na kwa sababu hiyo anadhani anazijua na za wengine. Hapo ndipo anaponichosha.

Nyumba yetu ina sebule, na mlango wa sebule unaingia chumba cha mama mkwe. Hapo mlangoni palikuwa na nundu ya saruji iliyoachwa na wajenzi. Upande wa chumbani, baada ya nundu, sakafu ilibonyea. Miaka yote tuliruka tu. Kisha mama mkwe akajikwaa hapo, akavunjika nyonga.

Daktari alisema wazi kwamba akianguka tena, huenda asitembee maisha yake yote. Mwenyewe alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kwenda chooni peke yake, bila kushikwa mkono kama mtoto. Angetoka hospitali Jumapili, na kiegemeo chake cha kutembelea, cha miguu minne.

Jumatatu mume wangu alileta mbao za laminati, zile nyembamba zinazobanana zenyewe ubavuni.

"Mama atakuta sakafu kama ya hoteli," alisema.

"Na ile nundu?"

"Niachie mimi."

Nilipotoka jikoni nilimkuta amepiga magoti mlangoni. Shimo lote alikuwa amelijaza sponji za mabega, na juu yake mabaki ya vitambaa.

"Baba watoto, hiyo ni sakafu."

"Bega likiwa chini tunafanyaje?" aliuliza. "Tunaliinua."

Nikauma ulimi. Nimeolewa miaka kumi na tisa, na ulimi huu nimeshauuma sana.

Jioni mbao zilikuwa zimetoka sebuleni, zimepanda nundu, zimeingia chumbani. Sitasema uongo, zilipendeza. Kesho yake nikapita na ndoo ya maji. Mguu ukazama, sakafu ikalia. Nikarudi nyuma, ikalia tena. Kufika mchana, mbao mbili zilikuwa zimeachana, na ukingo wa mmoja umesimama pale pale alipojikwaa mama.

"Zitazoea," mume wangu alisema.

"Jumapili mama anakanyaga hapa. Umemtegea mtego mwingine, huu wa kupendeza."

Nikatoka, nikaenda kwa jirani.

Jirani yetu ni fundi wa sakafu. Mtaa mzima unamwita Bi Mstari, kwa sababu akiona kitu kimepinda hawezi kunyamaza. Tumepakana ukuta miaka sita, na mume wangu hajawahi kumuuliza lolote.

Bi Mstari alikuja, akang'oa ubao mmoja, akatoa sponji, akaigeuzageuza.

"Hii ni ya koti?"

"Ni ya koti," nilisema. Mume wangu alikuwa anatazama dirishani.

"Fundi," Bi Mstari alimwambia, "kitambaa kikija na makunyanzi, unakikata hivyo hivyo?"

"Hapana. Napiga pasi kwanza."

"Basi na sakafu inapigwa pasi kwanza. Laminati haifichi shimo. Chini kukiwa wazi au laini, ubao unacheza. Ukicheza, kiungo kinavunjika."

"Lakini nilipima." Akaonyesha pimamaji yake fupi.

"Hiyo inaona kipande tu."

Waling'oa zilizobaki. Bi Mstari akalaza ubao wa mita mbili, ulionyooka, kutoka sebuleni hadi chumbani. Ulikaa juu ya nundu ukachezacheza, na kidole cha mume wangu kikapita chini yake bila kugusa.

"Mwanya ukizidi milimita tatu, usitandike," Bi Mstari alisema. Akachukua chaki. Palipoinuka alichora msalaba, palipobonyea duara. "Sasa vaa miwani na ufunge pua. Vumbi la saruji linaharibu mapafu."

Mume wangu alitii shingo upande. Aliivunja nundu kwa nyundo na patasi, akaisugua hadi ikawa sawa na sebule. Tukafagia, tukafuta vumbi lote. Bi Mstari akapaka dawa ya kushikisha, kisha akamwaga saruji laini ya kusawazisha kwenye mabonde.

"Pima maji kama mfuko unavyosema," alionya. "Yakizidi, itapasuka. Na msiiguse siku mbili."

Siku mbili mume wangu hawezi. Jioni ile ile alikwenda kuijaribu kwa kidole. Alama yake ipo hadi leo, chini ya laminati, na nikikasirika naye huwa naikumbuka.

Ijumaa ule ubao wa mita mbili ulilala bila kucheza. Jumamosi walitandika sponji nyembamba ya sakafu, tabaka moja tu, kisha mbao. Pembeni mwa kuta waliacha nafasi ya unene wa kidole kidogo.

"Mbao hizi hutanuka," Bi Mstari alieleza. "Zikikosa nafasi, zinanyanyuka. Ndiyo maana na mlangoni tunazikata. Kila chumba kina sakafu yake."

Pengo la mlangoni alilifunika kwa ukanda mwembamba wa alumini, akaukaza kwenye saruji, si kwenye mbao.

Jumapili mama mkwe akaja. Alipiga moyo konde, akashika kiegemeo, akaanza kuvuka sebule. Mume wangu alikuwa mbele yake, amenyoosha mikono yote miwili, anarudi kinyumenyume. Hatua, hatua, hatua. Mama alitoka jasho. Alipofika karibu na kitanda alisimama.

"Nionyesheni hiyo nundu," alisema, "nijiandae."

"Umeshaipita, Mama."

Aligeuza shingo, akautazama mlango muda mrefu. Machozi yakamlengalenga. Kisha akamgeukia mwanawe, ambaye mikono yake ilikuwa bado hewani.

"Sasa nitokee mbele," alisema. "Nakwenda chooni."